Shoferi Wetu, na Wewe Juu ya Benchi

Papa Furaha wangu,

Jana jioni upepo ulitoka ziwani na harufu ya ndagala walioanikwa, na mara nikajikuta tena katika lupango letu, ndani ya ua wa nyumba, Jumapili moja ya miaka ya Zaire, viti vimepangwa, watoto wamelala juu ya mikeka, avenyu nzima imeikodolea macho televisheni moja. Televisheni yangu. Nasema yangu ili ukasirike kidogo huko uliko. Kaka yangu aliniachia alipohamia Lubumbashi, na wewe hukujua hata kuiwasha.

Wakati ule ulikuwa unalala kwa mdogo wako, ng'ambo ya barabara, kwa sababu nilikuwa nimekufukuza. Uliniaga kwamba unaenda Kabalo na gari la moshi, kazi ya siku chache. Ukarudi mvua zimekwisha, unanuka pombe ya lutuku, na kila ukifungua kinywa unatoa sababu mpya. Mtoto wetu Furaha alikuwa amebatizwa bila baba. Nikaweka begi lako nje, nikafunga mlango.

Lakini Jumapili ulivaa suti yako ya abakosti ya kijani, ukapiga hodi kwenye lupango lako mwenyewe kama mgeni, ukakaa juu ya benchi pamoja na majirani. Ningekuzuiaje? Mchezo wa kuigiza wa kila Jumapili ulikuwa wa Lingala, na kwenye avenyu yetu ni wewe peke yako uliyeisikia vizuri, tangu ulipofanya kazi Kinshasa. Bila wewe tungekuwa tunatazama midomo tu.

Ndivyo ulivyotuletea Shoferi. Jina lake la kwenye mchezo nimelisahau. Sisi tulimwita hivyo kwa sababu aliendesha lori. Mwanaume gani yule! Alimpa mgeni wa njiani kitanda chake, kisha akamsahau mtoto wake mwenyewe hospitalini. Alidanganya, alilewa, aliomba msamaha kwa sauti nzuri kiasi kwamba mtu alitamani akosee tena. Shemeji yake, mwalimu, alikuwa mwema tangu mwanzo mpaka mwisho, na kila alipotokea watu walinyanyuka kwenda kunywa maji.

Unamkumbuka Mama Zawadi, jirani yetu fundi wa kushona? Yeye alikuwa mtetezi mkubwa wa Shoferi.

"Huyu mwanaume ni mubaya," alisema, "lakini angalia macho yake."

"Macho yake njo itafua nguo zake?" nikamuuliza.

"Mama Furaha, weye huna huruma."

"Huruma niko nayo. Njo maana nimekupatia kiti."

Na wewe kwenye benchi ulikuwa unatafsiri bila kucheka, kama karani wa tribinali.

"Anasema nini sasa, Papa Furaha?" majirani wakauliza.

"Anasema ataacha pombe."

"Na bibi yake anajibu nini?"

"Bibi yake anasema ile neno alishaisikia mwaka jana."

Lupango lote likacheka, vichwa vyote vikanigeukia, nami nikajifanya natengeneza antena. Antena haikuwa na ubaya wowote.

Sasa nikuambie jambo ulicheke. Katikati ya juma, mikono ikiwa kwenye maji ya sabuni, nilikuwa namfikiria Shoferi. Amekula? Analala wapi? Nilikuwa na mlevi wangu wa kweli, naweza kumwona nikichungulia tu barabarani, lakini moyo wangu ulikuwa unamhurumia wa Kinshasa. Yule hakuwahi kutapika kwenye mkeka wangu. Akikosea alibaki ndani ya kioo, na mimi nikabaki kwenye kiti changu, mwema, namwelewa. Wewe kukuelewa kungenilazimu kunyanyuka.

Na muda ulikuwa unakwisha. Mdogo wako alikuja akaniambia wazi: "Shemeji, usipomufungulia mbele ya mvua kuanza, anaomba kazi ya Kabalo ya kukaa kabisa. Hatarudi." Kila Jumapili nilijiambia leo nitaamua, na kila Jumapili nilingoja kwanza nione Shoferi atafanya nini.

Halafu ikafika jioni ile. Shoferi yuko nje ya mlango wa mkewe, mvua inampiga, anagonga. Ndani, mkewe amesimama, mkono juu ya komeo. Hapo picha ikakatika, ikaja hotuba kutoka mji mkuu, na baada yake watu wakicheza na bendera. Jumapili iliyofuata, bendera tena. Mchezo ule haukurudi kamwe.

Majirani walikujia wewe. Walikuwa wamekuja na viti vyao na hawakutaka kurudi mikono mitupu.

"Papa Furaha, weye unajua michezo ya Kinshasa," akasema Mama Zawadi. "Alimufungulia ao hapana?"

Kila mtu aliyekaa pale alijua nini kilichokuwa kinaulizwa. Nami nilishajitayarisha: ukisema alifunguliwa, nitakuambia mbele ya watu kwamba hii si Kinshasa. Nilikuwa nimelipanga lile jibu kama nguo za sikukuu.

Ulitazama mikono yako. Ukasema polepole, "Mimi natafsiri tu. Yenye haikusemwa siwezi kuisema. Ule mulango ni wa bibi yake."

Wakanung'unika. Mtu mmoja akasema ulikuwa unatubania. Lakini mimi nilikuwa nakutazama, na jibu langu zuri lilikuwa limekosa pa kwenda. Shoferi angesema alifunguliwa. Angesema kwa sauti nzuri, na sote tungelia. Wewe ulipewa nafasi ya kudanganya, ukaiacha ipite.

"Alimufungulia," nikasema kutoka kwenye kiti changu. "Lakini alilala kwenye salon."

Mama Zawadi alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Wewe hukucheka. Ulivuka barabara, ukarudi na begi lako.

Ulilala salon, juu ya kochi, mpaka mvua za kwanza, unakoroma, nami upande wa pili wa ukuta nilisinzia kwa sauti ile ile niliyokuwa nailaani zamani. Hukupona kabisa. Mara kadhaa uliteleza, nikakurudisha kwenye kochi, na unajua mwenyewe kwamba kochi lile lilikuwa fupi kuliko miguu yako. Lakini hukuniambia tena uongo wa Kabalo. Ulikuwa unafika mlangoni unasema, "Nimekunywa," na tunaanzia hapo.

Juzi Furaha, ambaye sasa ana umri mkubwa kuliko wangu wa wakati ule, aliniuliza kama baba yake alikuwa mtu mzuri. Nikamwambia ulikuwa mume wangu. Akasema hilo si jibu. Basi nikamketisha, nikaanza na mabaya yako. Mpaka leo sijayamaliza, kwa sababu kila baya ninaloligusa unatokea wewe mzima, na abakosti yako, na miguu yako mirefu, nami nasahau kwamba nilikuwa nakushtaki.

Lala pema, na usikorome sana, una majirani.

Mimi bibi yako,
Mama Furaha