Karatasi Alizonunua Baba kwa Marisel

Mtaa wa Dulces Labios,
Mayagüez, Puerto Rico.
Jumapili, 20 Oktoba 2013.

Mpendwa Shangazi Providencia,

Naamini barua hii itakukuta u mzima huko Bronx, na goti lako limeacha kukutesa kwenye zile ngazi za ghorofa ya nne. Sisi huku miili ni mizima. Mvua imenyesha wiki nzima na umeme umekatika mara mbili, lakini hayo umeyazoea. Kaka yako anakula, anatembea, na presha yake ilipimwa juzi, si mbaya kama nilivyoogopa. Nakuomba uishike vizuri hiyo habari ya presha kabla hujaendelea kusoma, maana mengine yote niliyo nayo ni ya kushtua.

Barua yako ya mwezi wa tisa niliipata. Umeniuliza kama utoe akiba yako ya miaka yote ya kiwanda cha nguo uipeleke kwa Marisel, pale baba alipoweka yake, na maswali yako umeyaandika kwa herufi kubwa ili nisiyaruke. Shangazi, usitoe hata senti moja. Nimelitanguliza hilo nisije nikazirai katikati ya barua ukabaki hujui. Sasa nikueleze.

Marisel unamkumbuka. Ni binti wa marehemu Lucila wa duka la nyuzi, yule ambaye baba alimsimamia ubatizo. Alisoma, akapata kazi kwenye kampuni inayoitwa Ceiba Blanca, ofisi yao ina baridi ya viyoyozi mpaka unatamani sweta. Miaka mitatu iliyopita, baba alipouza shamba la kahawa la mama kule Maricao, Marisel alikuja hapa na keki mkono huu na kalamu mkono huu. Akamwambia pesa ikikaa benki inalala tu. Afadhali anunue vipande vya mfuko wao, mfuko unaokusanya hatifungani. Baba akauliza hatifungani ndiyo nini. Akajibiwa vizuri kabisa: ni kama umemkopesha mtu, serikali au kampuni, naye anakulipa riba mpaka siku ya kukurudishia chako.

Kisha baba akauliza kama anaweza kupoteza. Mtoto yule akacheka, akachukua kipeperushi cha kampuni, akaandika pembeni kwa mkono wake, "Salama kama benki, baba wa ubatizo!" Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa nakata keki.

Na kweli kila mwezi pesa iliingia. Baba akapaka nyumba rangi, akatengeneza meno, na kwenye meza ya dhumna akageuka mwalimu wa fedha. Don Higinio, yule mwoka mikate wa kona ya kanisa, alipouza tanuri lake apumzike, baba mwenyewe alimshika mkono akampeleka kwa Marisel. Baada ya Higinio wakafuata wazee wengine watano wa meza ile ile.

Siku taarifa ya Ceiba Blanca ilipofika, mwezi uliopita, nilikuwa namenya mbaazi. Baba aliingia jikoni na bahasha, amevaa miwani, anatabasamu.

"Nereida, hebu nisomee. Hawa wamekosea kuchapa."

Nikasoma. Nikasoma tena. Nikafuta mikono kwa aproni nikasoma mara ya tatu kwa kidole. Shangazi, hawakuwa wamekosea. Thamani ya karatasi za baba ilikuwa imeshuka chini ya nusu, na ilishuka ndani ya wiki chache tu, wakati sisi tunakula na kulala.

Asubuhi yake tulikuwa wa kwanza mlangoni kwa Ceiba Blanca. Marisel alitupokea amepaka rangi midomo vizuri, lakini macho yamevimba.

"Baba wa ubatizo, ni soko," alisema. "Hatifungani za kisiwa zimeshuka, na mfuko wetu umejaa hizo hizo."

"Zimeshuka, haya. Nipe kilichobaki nikipeleke benki."

"Kwa sasa hakuna anayenunua."

"Si nyinyi mliniuzia? Nunueni nyinyi."

"Tulikuwa tunanunua. Wakubwa wamesimamisha."

"Basi bima. Benki ina bima."

Marisel alitazama meza. "Ile ni bima ya akiba ya benki. Hii siyo akiba ya benki."

Baba alinigeukia kama mtoto aliyepotea sokoni. Mimi kwa hasira nikalivuta faili, nikaanza kupekua ingawa sijui nilichokuwa natafuta. Ndipo nilipokutana na ukurasa wenye neno "mkopo" na chini yake sahihi ya baba, ile anayoivutia mkia mrefu.

"Na hii ni nini?"

Baba akavua kofia. Mwaka jana, Shangazi, bila kuniambia neno, aliziweka dhamana karatasi zake zote akakopa, na pesa ya mkopo akanunulia karatasi zaidi za mfuko ule ule. Marisel alimwambia riba ya mfuko itaulipa mkopo wenyewe na kubakiza chenji. Sasa karatasi zimeshuka, hazitoshi tena kushika deni, na kampuni inampa siku tatu aongeze pesa, la sivyo inauza kila kitu kwa bei yoyote itakayopata.

"Nilitaka kukujengea paa la zege," baba aliniambia. "Kila kimbunga unahangaika na mabati."

Hakuwa na pesa ya kuongeza. Siku ya tatu wakauza, na sijui aliyenunua alitoka wapi, wakati sisi tuliambiwa hakuna mnunuzi. Kutokana na shamba lote la mama, miti aliyoipanda kwa mikono yake, kilichobaki hakinunui hata gari kuukuu. Tulipotoka ofisini kwao nilimpigia baba kelele mbele ya duka la viatu, watu wanapita na mifuko yao. Nilimwambia mama angemwonea aibu. Halafu tukazunguka maegesho karibu nusu saa kwa sababu wote wawili tulikuwa tumesahau gari tumeliacha wapi. Maneno yale nimeshamwomba radhi, lakini bado nayasikia.

Tarehe kumi kukaitishwa mkutano ukumbi wa parokia. Alikuja bwana mmoja mwembamba kutoka ofisi inayosimamia mambo ya uwekezaji, na ubao mweupe na subira nyingi. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Shangazi, maswali yako yote yaliulizwa pale, karibu kwa maneno yako mwenyewe.

Doña Toña, mke wa Higinio, alianza. "Mimi niambie kitu kimoja tu. Ikipotea, nani ananirudishia?"

"Kama umedanganywa, unaweza kudai," yule bwana alisema. "Kama bei imeshuka tu, hakuna."

"Hakuna mtu?"

"Hakuna, mama. Ile hatari uliinunua pamoja na karatasi."

"Mbona sikuiona kwenye risiti?" Watu wakacheka, lakini kicheko kilichokauka.

Mwingine akauliza kama ni busara kuweka zote mahali pamoja. Yule bwana akachora kapu moja, akalifuta, akachora matano, akauliza ni nani humu ana zaidi ya moja. Hakuna mkono ulionyooshwa. Kisha fundi bomba mmoja akasema yeye hana wasiwasi, maana kila mwezi bado analipwa, kwa hiyo faida ipo.

"Umesoma maandishi madogo?" bwana akamuuliza. "Mfuko ukikosa faida ya kutosha, mifuko mingine hukulipa kutoka kwenye mtaji wako mwenyewe. Unapokea pesa yako uliyoiweka, unadhani imezaa."

Hapo ndipo nilipomsikia baba akivuta pumzi kama mtu aliyechomwa na sindano. Meno, rangi ya nyumba, bia alizowanunulia wenzake kwenye dhumna! Huenda alikuwa anajilisha shamba la mama kipande kwa kipande, na kumshukuru Marisel kila mwezi. Na hili ndilo jibu la swali lako la tatu, lile la malipo ya kila mwezi. Mimi nilikuwa sijui kabisa kwamba jambo kama hilo linawezekana kisheria.

Baba akasimama. Nilimvuta shati, hakukaa.

"Nina swali. Mtu aliyewaleta rafiki zake kwa mkono wake mwenyewe, yeye anajibu kwa nani?"

Yule bwana aliifunika kalamu yake ya ubaoni. "Kwenye sheria zangu halimo hilo, mzee."

Higinio alikuwa mstari wa nyuma yetu. Niliogopa kugeuka. Kisha nikasikia sauti ya Toña:

"Crisanto, kaa chini. Unatuziba tusione ubao."

Baba akakaa, akaanza kulia waziwazi, mikono juu ya magoti. Toña akamtupia leso begani. Higinio alichukua kofia yake akatoka, na mpaka leo hajarudi kwenye meza ya dhumna. Tukikutana naye dukani ananisalimia mimi, baba anamruka kama nguzo.

Mkutano ulipokwisha baba alimfuata yule bwana, akamwonyesha kile kipeperushi cha "Salama kama benki". Bwana alikisoma, akavua miwani, akauliza nani aliandika. Akasema kitu hiki kikifika kwenye baraza la usuluhishi, si baba peke yake, hata Higinio na wale watano wana la kudai, kwa sababu hapa mtu hakuambiwa ukweli. Lakini aliyeandika atapoteza leseni, labda na zaidi ya leseni. Baba alinitazama. Alichokuwa anaambiwa ni kwamba amshtaki mtoto aliyemshika kwenye maji ya ubatizo, yatima.

Wiki nzima hakulala vizuri. Kesho Jumatatu ndiyo siku ya kupeleka malalamiko, na sikujua angefanya nini. Sikumuuliza.

Leo baada ya misa Marisel amekuja. Amesimama mlangoni bila rangi ya midomo, akasema kama alivyosema tangu anajifunza kuongea, "Naomba baraka, baba wa ubatizo." Tangu mwezi wa tisa baba alikuwa hamwitikii. Leo amemwambia, "Mungu akubariki, ingia."

Kisha, kabla hajakaa vizuri: "Kesho napeleka kile kipeperushi."

"Watanifukuza. Sitapata kazi kisiwa kizima."

"Najua."

"Ulinishika nikiwa na siku arobaini!"

"Na Higinio nilimshika mkono nikamleta kwako. Unataka nimtupe yupi?" Hakuinua sauti hata kidogo, Shangazi. "Niambie jambo moja. Yale maneno ulijitungia?"

Marisel akasema hapana. Akasema kila Jumatatu meneja wao aliwafundisha cha kumwambia mteja: mwambie ni kama benki, usitaje kushuka. Aliyetamka "hasara" mbele ya mzee alisimamishwa mbele ya wenzake akachekwa. Na akasema akiba ya duka la mama yake yote iko kwenye mfuko huo huo, kwa hiyo alikuwa anajiambia haiwezi kuwa mbaya.

Niliacha kijiko kikaanguka. Kumbe walifundishwa! Darasani, na chaki!

"Yaliandikwa popote?" baba akauliza.

"Nina daftari. La miaka minne."

"Basi mimi kesho nitasema ulichoniambia. Wewe kaseme ulichoambiwa."

Alitoka bila kuaga. Alikaa ndani ya gari lake hapo nje, injini imezimwa, karibu saa nzima. Nilikuwa namchungulia kupitia pazia. Kisha akaondoka. Tulikula wali bila kusemeshana, na baba hakugusa nyama. Saa tisa nikasikia mlango. Marisel alikuwa na daftari la jalada jekundu kwapani, akaniomba nafasi kwenye meza.

Sijui baraza litaamua nini. Yule bwana ametuonya kwamba hata tukishinda, huenda tukapata sehemu tu, na ni baada ya miezi mingi. Shamba la mama halirudi. Wewe acha pesa yako hapo ilipo, na yeyote akikujia na karatasi nzuri, hata awe wa damu yako, muulize kwanza ni lini na vipi unaweza kupoteza. Akicheka, funga mlango.

Nisalimie Benicio na mkewe, na yule mdogo wao Yarelis aliyeanza shule. Mwambie Doña Asunción wa ghorofa ya chini kwamba ile blauzi aliyonitumia imenikaa sawasawa. Toña anakusalimu sana. Baba naye anakusalimu. Anasema atakupigia mwenyewe akipata sauti, na usimgombeze siku ya kwanza.

Nilidhani nimemaliza, lakini hili lazima nikuandikie. Marisel yuko mbele yangu, ng'ambo ya meza hii hii, ameshajaza kurasa tatu. Sasa hivi ameinua kichwa akaniuliza, "Dada Nereida, niandike 'nilijua' au niandike 'niliambiwa'?" Baba alikuwa kwenye sinki, anaosha vyombo, ametupa mgongo. Hakugeuka. Amesema, "Kama yote mawili ni kweli, mwanangu, andika yote mawili." Naye ameinamisha kichwa, anaandika.

Naomba baraka zako, Shangazi, na Mungu akulinde wewe na nyumba yako.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye daima,

Nereida