Kompyuta za Kufunikwa Vitambaa

Nyumbani, ghorofa ya pili,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Kile kifua chako kimetulia? Huku hatujambo. Mtoto mdogo anaota meno, kwa hiyo usingizi nausikia kwa majirani tu. Shemeji yako mzima, yuko kazini.

Ujumbe wako nimeupata. Umesema, "Mwambie mtoto aombe radhi, yaishe." Nakuheshimu, Kaka, lakini hilo limenikwama kooni kama mfupa. Walimu mnalindana, sawa, ila sikia kwanza.

Shule ya mpwa wako ina chumba cha kompyuta. Zimefunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, na sisi kina mama tunapokezana kuvifua. Nimevifua kwa mikono yangu, nikavipiga pasi. Mashine zenyewe huwashwa wakija wageni! Watoto wanafundishwa kompyuta ubaoni: wanaichora, wanaipaka rangi, wanakariri sehemu zake kwa kuimba. Ni kama kumfundisha mtu kuogelea kitandani.

Juzi nilimtuma mpwa wako, Chiriku wetu, arudishe vitambaa. Akakuta mlango wazi, akaingia, akawasha moja. Mwalimu mkuu alimkuta anaandika jina lake. Jina lake tu, Kaka! Akafukuzwa mpaka aombe radhi mbele ya shule nzima.

Nikaenda. Mwalimu mkuu akaniambia, "Mama, vile ni vitu vya thamani, vitaharibika."

Nikamwuliza, "Na huyu wangu, akikua hajui kitu, haharibiki?"

Akanitazama kama nimemtukana.

Unajua mimi duka la dawa lilininyima kazi kwa nini? Waliniuliza kama naijua kompyuta, nikajibu naijua kwa sura. Walicheka wote. Mimi sikucheka. Dunia inakwenda mbio, na shule bado inamfundisha mwanangu yaleyale yaliyoniacha mlangoni.

Kesho nampeleka. Kwa kuingia bila ruhusa ataomba radhi, maana adabu kwangu haina likizo. Kwa kutaka kujua haombi, na nitasimama kando yake akisema hivyo. Wakimfukuza, watufukuze wote wawili.

Na wewe, Kaka, usinijibu kabla hujafungua chumba cha kompyuta cha shule yako, nacho najua kina kufuli, na kuwaingiza watoto.

Msalimie wifi, na Mama Mkubwa umwambie miguu yake naiombea. Mungu akupe afya, na moyo wa kunielewa.

Mdogo wako akupendaye hata akiwa na hasira,
Mama Chiriku