Kitabu Kisichomjua Dada Nyangeta

Ukurasa huu wa shajara yangu niliuandika nyumbani, mtaa wa Nyasho, miaka ile maduka ya Musoma yalipoanza kujaa tena. Nauweka hapa kama ulivyo.

Jumapili, jioni. Mawingu yametanda juu ya ziwa tangu adhuhuri na mvua hainyeshi. Nimekasirika, na nitaandika polepole ili hasira isiniharibie mwandiko.

Kisa ni kitabu.

Mwanangu Magesa, anayefanya kazi ya kutembeza watalii Arusha, amekuja na gari la mtumba na kitabu cha mwongozo wa safari alichoachiwa na mgeni mmoja. Pia amemleta mchumba wake, Eliza, binti wa wakulima wa Buswahili, upande wa Butiama. Eliza amekulia mbali na ziwa, kwa hiyo Magesa alitaka kumwonyesha mwambao wa ziwa kwa gari, kutoka hapa Musoma hadi Bunda. Wazo zuri. Niliposikia, nilimtumia salamu dada yangu Nyangeta, anayekaa huko mwambaoni, kwamba Jumapili tunakuja.

Kwetu, tarehe ya harusi haitajwi mpaka mchumba asonge ugali katika jiko la shangazi wa bwana harusi, na shangazi aule. Nyangeta ndiye shangazi pekee aliyebaki.

Jana usiku Magesa akafungua kitabu mezani na kupanga safari. Kuna nyumba ya wageni ya kulala Bunda. Kuna jabali la kupigia picha. Kuhusu vijiji vyote vilivyo katikati, kitabu kinasema hakuna cha kumsimamisha msafiri.

Hakuna cha kumsimamisha msafiri!

Huyo aliyekiandika alipita lini? Alisalimiana na nani? Hata nyumba ya wageni anayoisifu pale Iringo, hapa hapa mjini, siku hizi ni duka la mitumba. Halafu anathubutu kuandika kwamba kwetu hakuna kitu.

"Baba, hiki kitabu kimefanyiwa utafiti," Magesa akaniambia.

"Na shangazi yako kimemfanyia utafiti?"

"Tutampitia siku nyingine. Ratiba imebana."

Miaka ile ya foleni, sabuni ilipokuwa adimu kama dawa na sukari tukiisikia kwa majina tu, ni Nyangeta aliyetembea mpaka hapa na kikapu cha muhogo mkavu na sato wa kukausha kichwani. Huyu anayebanwa na ratiba alikua kwa samaki wale. Nilimwambia hayo yote. Akakunja pembe ya ukurasa, akaenda kulala.

Leo asubuhi nilipanda gari nikiamini kwamba akiiona njia panda ya kwa shangazi yake, mguu wenyewe utakanyaga breki. Haukukanyaga. Nilimwambia asimame, akasema jabali la kwenye kitabu liko mbele kidogo.

Lilikuwa mbele kidogo kweli. Lilikuwa juu kabisa ya kijiji cha dada yangu. Magesa akatandika kitambaa kando ya barabara, akatoa mkate na mayai ya kuchemsha. Mimi sikugusa kitu. Chini yetu niliona paa la Nyangeta, na moshi wa jiko lake ukipanda.

Akapita mama mmoja muuza dagaa, beseni kichwani. Ananijua tangu nilipofundisha wadogo zake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

Akatazama mayai. Akatazama moshi. "Kumbe siku hizi mnakulaga barabarani kama watu wasio na kwao? Mama Nyangeta tangu asubuhi anachungulia njia. Au siku hizi mayai ndiyo shangazi?"

Akaenda zake, akiteremka kijijini. Nilijua habari itafika kabla yetu.

Eliza aliliweka chini yai lake. "Magesa, shangazi yako yuko pale, na mimi nimekaa hapa natafuna?" Hakungoja jibu. Alivua viatu, akavishika mkononi, akaanza kushuka kwa kijia. Nikamfuata. Magesa akabaki kufunga gari.

Nyangeta alikuwa mlangoni pa jiko. Kuku alikuwa tayari, maji yanachemka, unga uko kwenye ungo. Alimpa Eliza mwiko. Binti akasonga mpaka jasho likamtiririka, na dada yangu akamega tonge la kwanza, akalitafuna taratibu mno.

"Huyu ana mkono," akasema.

Hapo Magesa akaingia, akanyoosha mikono anawe.

"Wewe unanawa nini? Si umeshashiba mayai?"

"Shangazi, naomba radhi."

"Utakuja kwa miguu, bila hilo gari na bila hicho kitabu. Siku hiyo utakula, na ndipo nitakwambia harusi ni lini. Sasa kaa nje, utupishe sisi wenye njaa."

Akakaa nje. Tulikula bila yeye, na Eliza hakumtetea. Bunda hatukufika; tukarudi nyumbani.

Watu watasema dada yangu amekuwa mkali kupita kiasi. Sikubaliani nao. Mgeni kutotujua nitavumilia, ingawa kwa shida. Lakini mtoto wetu kujifunza kutotujua, tena kwa kusoma! Mimi niliyemfundisha kusoma!

Sasa hivi amekuja chumbani kwangu, kitabu mkononi kwa mazoea, kidole kikitafuta kwenye ramani. Anataka kujua kesho alfajiri ashike njia ipi ya miguu kwenda kwa shangazi yake.

Nimemwambia akiache kitabu hapa mezani, aulize njiani kama watu.

Amekiacha.