Chupa Uliyoilaza kwenye Pumba

Mtani wangu Kasiani,

Hapa Ifakara hakuna anayeijua divai kunizidi mimi. Haya, usigeuke huko kaburini, nimedanganya. Ninayoijua ni pombe ya mahindi, na hiyo nayo naijua ikishanilaza. Ila ulipofariki, mkeo Agatha hakuwa na mwingine wa kumuuliza, basi mtaalamu nikawa mimi.

Ni ile chupa ya divai nyekundu ya Bordo, Ufaransa, aliyokuachia padri mzee uliyemtunzia ghala la divai, alipokuwa anarudi kwao Ulaya. Miaka yote uliilaza kwenye pumba za mpunga, ikisubiri jubilei ya ndoa yenu. Hukuifikia, mpumbavu wewe. Mwanao aliimulika tochi, akaona tope chini, akasema imeoza, imwagwe. Agatha akanijia macho yamemvimba: "Shemeji, nataka kujua tu. Mume wangu alikuwa anatunza mali, au siki?"

Nikaipokea kwa mbwembwe, nikaitikisa kama kibuyu cha togwa. Mama wee! Agatha alinichapa mkono: "Kasiani alisema mashapo yalale!" Ikabidi tuisimamishe kwenye kona ya jikoni hadi Jumapili, baada ya misa.

Nikamimina taratibu, kama ulivyokuwa ukimmiminia padri. Glasi nikaiweka mbele ya kitambaa cheupe: katikati nyekundu, pembeni rangi ya tofali la kuchoma. Ulisema hizo ni mvi, si ugonjwa. Nikanusa. Tumbaku, mkanda wa ngozi wa zamani, zambarau zilizokauka. Siki hakuna. Nikaonja. Kasiani! Ule ukakasi wa ndizi mbichi ulionitishia nao umelainika, kama mzee aliyechoka kugombana. Nikameza, ladha ikakaa, ikakaa, mpaka nikasahau mzaha niliokuwa nimeuandaa.

"Mali, shemeji. Mali tupu."

Mwanao akauliza ingeuzwa bei gani. Mama yake akainua glasi yake. Alikunywa yake yote, akafuta mdomo kwa khanga, akasema, "Kumbe alikuwa anajua."

Ndiyo, ulikuwa unajua, mjinga wangu. Chupa tupu ipo kwangu, na naapa hakuna atakayeitia mafuta ya taa nikiwa hai. Lala salama.

Ila kuna ladha ya mwisho kabisa tumeshindwa kuipa jina. Agatha anasema ni udongo wa mvua ya kwanza, mimi nasema moshi. Nilibeba jeneza lako kwenye tope la masika, nawe mzito kama gunia la mpunga uliolowa, kwa hiyo nakudai. Mtokee Agatha ndotoni, umwambie. Kwangu usije. Naogopa wafu.