Mkanda Uliotoka Mzima

Likasi, Kikula
Jumapili asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha magoti yako yote mawili, hasa lile la kushoto linalojua mvua kabla ya mawingu. Je, bati la jikoni mmelipigilia misumari? Samaki wanapatikana, au bado mnakula majani ya sombe kila siku? Mimi mwili uko salama, Mungu ashukuriwe. Huku baridi imeanza, lakini wanawake wa Kikula bado wanataka kupendeza na saluni haikosi mtu.

Nimekwisha salimia. Sasa niruhusu nikasirike.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara tatu. Ulisema dakika nne na nusu, Mama, na hukuniuliza swali hata moja. "Umechubua gari la Papa Sumaili, gari la kubeba bibi harusi! Kazi ya wanaume umeitakia nini? Mwamini haji tena huko." Nilipokupigia, simu ilikatika mara tano. Ndiyo maana naandika, karatasi haikatiki. Mwamini mdogo wangu amengojea mwaka mzima kuja kujifunza kazi kwangu, na kiti chake nimekwisha kukiweka karibu na kioo. Asinyimwe safari kwa uongo wa mtu mwingine.

Sikiliza ilivyokuwa. Saluni yangu inapakana na ua wa Fundi Kabamba, anayenyoosha mabodi ya magari. Papa Sumaili, yule mtu wa kwetu Kindu mwenye duka la vitenge hapa, alimletea gari lake kuukuu. Rangi ilikuwa bado nzuri. Shida ni mapambo aliyoyabandika mwenye gari wa zamani: mkanda wa kung'aa kwenye kila mlango, yaani mikanda minne, na nyuma herufi sita. Binti wa Papa Sumaili alisema siku ya harusi yake hapandi gari lililovaa hereni. Basi yatoke, gari ling'arishwe, kwisha.

Nilikuwa nasuka nikasikia kraa! kama godoro linapasuliwa. Nikatoka na kitana mkononi. Kabamba ameingiza bisibisi chini ya mkanda, anakongoa kama mtu anayefungua kopo la nyanya. Mikanda miwili ya kushoto ilitoka imepinda kama nyoka aliyepigwa, na rangi ikatoka nayo. Nilihesabu majeraha saba, mawili yamefika chumani. Halafu akamwaga petroli ili kufuta gundi, na rangi iliyokuwa imepona nayo ikafifia.

"Fundi," nikamwambia, "gundi haivutwi. Inabembelezwa."

Akacheka. "Mama Zaina, hii haiko kichwa ya muntu! Hii iko motokari."

"Gundi ni gundi. Kila wiki nabandua nywele za gundi vichwani mwa watu, na hakuna aliyetoka kwangu bila ngozi."

"Haya, leta mashine yako ya mabibi. Tutaona."

Alijifanya anatania, lakini upande wa kulia alikuwa anauogopa.

Mama, ile kazi ni yako. Nilipoungua mguu na kitambaa kikashika kidonda, hukuvuta. Ulikilowesha maji ya uvuguvugu ukaniambia nihesabu mpaka arobaini. Nami nilishika mashine ya kukaushia nywele, nikapasha mkanda moto nikihesabu arobaini, nikapitisha uzi wa kuvulia samaki nyuma yake, nikawa nakata gundi taratibu, huku na huku. Kufika mlango wa pili umeme ukakatika. Nikachemsha maji kwenye mbabula ya makaa, nikaloweka taulo, nikaukanda ule mlango kama ninavyokanda goti lako. Masaa mawili na dakika kumi. Mikanda miwili ikatoka mizima. Gundi iliyobaki niliisugua kwa kidole gumba na mafuta ya kupikia, kisha sabuni. Ungejiona uso mle mlangoni.

Nikaenda sokoni. Huku nyuma Papa Sumaili akafika. Kabamba akamwonyesha kulia: "Huku minye," yaani kazi yake. Akamwonyesha kushoto: "Huku ni ule mama wa saluni, alijitia." Alichukua mikono yangu, Mama, akaniachia yake! Na Papa Sumaili, badala ya kunisubiri dakika ishirini, akashika simu akapiga Kindu. Kufika jioni nyumba kumi na moja zilikuwa na habari. Naijua idadi, maana zote zilinitafuta kwa simu. Nyumba yako ilikuwa ya tisa.

Asubuhi yake nikasimama mbele ya gari. "Papa Sumaili, nyuma kuna herufi sita. Fundi atoe tatu, mimi nitoe tatu, wewe shika saa."

Kabamba akasema, "Minye siko mutoto wa kuchezea herufi."

"Toa moja tu," akasema Papa Sumaili.

Akaikabili na bisibisi. Herufi ya kwanza ikavunjika vipande viwili, na kipande cha rangi kikadondoka, ukubwa wa ukucha wangu. Papa Sumaili akamshika mkono. "Wacha. Wacha kabisa!" Kisha akanigeukia bila kuniangalia usoni: "Basi, Mama Zaina, malizia."

Nilimaliza zile tano, kwa ajili ya binti, kwa kuwa hakumkosea mtu. Hakuna aliyesema pole. Nilimwomba Papa Sumaili kitu kimoja: apige Kindu palepale, mbele ya wote, kama alivyopiga jana. Akasema salio limekwisha, atapiga kesho. Leo ni siku ya tisa. Uongo ulikuwa na salio la nyumba kumi na moja, ukweli umekosa la nyumba moja!

Msalimie baba mdogo, fundi wa bati letu, na bibi mzaa baba. Shangazi aliyekuletea habari msalimie pia, ila msomee barua yote kwanza.

Barua hii inaletwa na Mama Asha, mchuuzi anayepanda treni. Amebeba na mikanda miwili: mmoja wa kushoto, mmoja wa kulia. Ilaze mezani mbele ya Shangazi. Uliopinda ni wa Kabamba. Ule ulionyooka, sentimita tisini na mbili bila kovu, ni wangu.

Lakini hiyo mikanda ni mali ya Papa Sumaili, nami sikukulea— samahani, wewe hukunilea kushika vya watu. Lazima irudi Likasi. Mama Asha anarudi na treni ijayo, mikono yake itakuwa imejaa mizigo. Mpe Mwamini ailete.

Binti yako asiyechubua,
Zaina