Gia Nne za Baba

Jumamosi, 11 Agosti 1956

Pikapu bado iko uani. Siku ya nane leo. Jiwe la pale mtoni, njia ya Kesses, lilipasua ganda la giaboksi na oili yote ikabaki barabarani. Baba na Kipyego, dereva wetu, waliomba ng'ombe wa kuivuta mpaka nyumbani. Gari linaingia Eldoret mchana likivutwa na ng'ombe! Baba hajasahau hata uso mmoja wa waliocheka.

Lakini kila asubuhi anaifuta kioo. Haiendi popote, naye anaifuta kioo. Leo nilimwona kupitia dirisha la jikoni nikashindwa kumaliza chai.

Jumatatu ya tarehe 27 magari yote ya kubeba posho, unga wa mahindi wa madukani, yanakaguliwa mjini. Lisilofika kwa nguvu zake lenyewe, kibali chake anapewa mwingine. Baba alikingoja kibali chake cha njia ya Kesses miaka minne. Mimi nilikuwa bado chuo cha ualimu alipokipata. Aliniandikia barua ya mstari mmoja: "Tumepewa njia." Tumepewa — kana kwamba nami ningeshika usukani.

Jumatatu, 13 Agosti

Jibu limekuja kutoka Nakuru, kwa Bwana Harbans, yule Kalasinga anayefungua magari makuukuu na kuuza vipande. Nilimwandikia kwa Kiingereza changu bora kabisa. Yeye amejibu nyuma ya karatasi ya kufungia misumari.

Anazo giaboksi mbili za gari la aina yetu na la mwaka wetu. Kwa nje ni mapacha. Moja ina gia tatu, nyingine ina gia nne. Ya gari moja haikubali kukaa kwenye gari lingine, shafti hazilingani. Kwa hiyo tutazame namba ubavuni mwa giaboksi yetu, tumjibu kwa telegramu kabla ya Alhamisi. Itakayobaki inachukuliwa na mtu wa Kitale.

Kipyego aliingia chini ya gari na kitambaa cha mafuta ya taa. Alikaa huko mpaka nikaanza kuhesabu viraka vya suruali yake. Alipotoka alisema pale penye namba pamechomelewa zamani, chuma juu ya chuma. Namba imekwenda.

"Basi tutamuuliza mwenyewe," akasema, akimaanisha gari. Ana namna ya kusema mambo ya kipuuzi kwa sauti ya mtu anayesoma sala.

Jumanne, 14 Agosti

Tulikuwa wanne uani: Baba, Kipyego, mimi, na Mzee Shitanda, jirani yetu mshona viatu, ambaye hakuitwa. Nikauliza, gari letu lina gia ngapi?

Baba hakufikiri hata kidogo. "Nne."

Kipyego akatazama chini, kisha akasema polepole, "Mzee, si ni tatu?"

Mzee Shitanda akafurahi sana. Akasema ameona wanaume wasiojua idadi ya kuku wao, lakini mtu asiyejua gia za gari lake ni mgeni machoni pake. Akamuuliza Baba kama watoto anajua ni wangapi.

Nikamwomba Baba azihesabu. Akainua mkono. Moja ya kuondoka. Ya pili ya kushika mwendo. Ya tatu ya barabara nzuri. Ya nne ya kurudi nyuma.

Nikasema — kwa sauti yangu ya darasani, naijua sauti hiyo — "Baba, rivasi haihesabiwi."

"Kwa nini haihesabiwi? Si gari inaenda?"

Ni swali zuri kabisa. Nikasema mafundi huhesabu za mbele tu, ndivyo ilivyo kwenye vitabu. Mzee Shitanda alicheka hadi akashika ukuta. Baba akatazama vidole vyake vinne vilivyosimama mbele ya watu, akakikunja kimoja.

"Haya. Wewe ndiye umesoma."

Nikaenda posta na miguu myepesi. Telegramu yangu: gia tatu.

Jumatano, 15 Agosti

Nimekuwa nikijisifu tangu asubuhi. Ningeachia "nne" ya Baba iende Nakuru, tungeletewa giaboksi isiyo yetu. Nimeiokoa njia ya Kesses kwa swali moja!

Na bado nakiona kidole kile kikikunjwa.

Baba ananiita Mayi, yaani mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake, Nangila. Hakuwahi kusahau kuniita hivyo hata siku moja. Jana jioni aliniita Mwalimu, kama Kipyego anavyoniita. Labda hakukusudia. Nimeligeuza neno hilo mchana kutwa.

Ijumaa, 17 Agosti

Mvua tangu saa sita. Nilikwenda kukaa ndani ya pikapu nisome, maana nyumba imejaa moshi. Kitabu sikukifungua. Kiti kile kinanukia posho, oili na tumbaku ya Baba, nikakaa tu kama mtu aliyetembelea jamaa.

Kipyego akaja mbio, gunia kichwani, akasimama nje ya mlango. Akauliza kama anaruhusiwa kuingia. Gari analoliendesha miaka sita! Alilikuta kwa Kaburu mmoja kule Moiben, na Kaburu alipohama, Baba akalinunua na Kipyego akaja nalo.

Nikamwomba anionyeshe gia ziko wapi. Hakunishika mkono. Aliushika mkono wa gia juu kabisa, mimi nikaushika chini yake, tukaenda pamoja. Hapa moja. Hapa mbili. Hapa tatu. Rivasi unavuta huku, kwa nguvu. Kisha akaniachia nijaribu peke yangu.

Mimi sina nguvu wala adabu ya gari. Nilipotafuta moja nikausukuma mkono wa gia kushoto kupita kiasi. Kitu kikabana, nikaegemea kwa bega, kikalegea — nao ukaingia mbele. Mahali ambapo hatukuwa tumepita.

Mvua juu ya bati.

Nikamuuliza hapa ni wapi. Akasema hapajui. Alipokuwa anafundishwa, Kaburu alimwambia asipeleke mkono huko, basi. Hakueleza. Na mtu ukikatazwa siku ya kwanza, akasema, mkono unajifunza kukataa wenyewe, hata huyo aliyekukataza akienda zake.

Nimejaribu kujiambia ni pengo tu. Njia nyingine ya kufikia rivasi. Chochote.

Jumamosi, 18 Agosti

Baba alikwenda Kesses kwa miguu kuwaambia wenye maduka wavumilie. Nikamwambia Kipyego tupime. Nilikuwa nimewaza jambo hili tangu alfajiri: gia yenye nguvu zaidi ndiyo inayotaka injini izunguke mara nyingi ili gurudumu lizunguke mara moja. Kwa hiyo mtu azungushe injini kwa hendeli, mwingine ahesabu.

Kipyego akanitazama, akaenda kutafuta jeki.

Tukainua gurudumu moja la nyuma. Nikalichora mstari kwa chaki. Akatoa plagi ili injini isimrudishie hendeli usoni. Yeye mbele anazungusha, mimi nyuma nimechuchumaa kwenye matope nikisema namba kwa sauti.

Ile tunayoiita moja: mizunguko saba na kidogo. Ya pili: mitatu na nusu. Ya tatu: miwili. Nikaandika yote ubavuni mwa gari kama ubaoni.

Kisha ile ya Kaburu. Tano. Sita. Saba — na chaki yangu ilikuwa nusu njia tu! Nane. Mama alitoka jikoni kuuliza ni watoto gani ninaowafundisha kuhesabu siku ya Jumamosi. Kumi. Kumi na mbili. Kumi na nne na nusu.

Kipyego akaja nyuma, jasho tupu, akasoma ubavu wa gari kutoka juu hadi chini.

"Iko nne, Mwalimu," akasema. "Iko nne za mbele."

Miaka sita amekuwa akiondoka na gia ya pili. Kila mlima, gari limejaa magunia, klachi inanuka, watu wanashuka kusukuma. Na gia ya milima ilikuwa hapo, urefu wa kiganja kutoka mkononi mwake. Aliishika boneti kama unavyomshika mtu bega ukimwomba radhi.

Baba alisema nne. Mimi nikamkunjisha kidole mbele ya Mzee Shitanda, nikatuma tatu.

Kipyego anataka kumwambia Baba yeye mwenyewe. Anasema yeye ndiye dereva, yeye ndiye aliyesema tatu kwanza. Nimekataa. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kumtazama mtu mwenye grisi mashavuni.

Jumapili, 19 Agosti

Posta imefungwa. Kanisani nilikaa nyuma ya Baba. Ana kovu dogo shingoni ambalo sikuwahi kuuliza lilitoka wapi. Sikumwambia. Nimefuta chaki kwenye gari kabla hajaiona. Mwoga wewe, Nangila.

Jumatatu, 20 Agosti

Nimemwambia.

Alikuwa anafuta kioo. Nilimweleza yote, hendeli, chaki, mizunguko, haraka kama mwanafunzi aliyekariri. Aliendelea kufuta mahali pamoja.

"Kwa hivyo ni ngapi?"

"Kwa hesabu yako ni tano, Baba. Pamoja na rivasi."

"Sikuuliza yangu. Kwa hesabu ya Kalasinga?"

"Nne."

"Na mimi nilisema nini?"

"Ulisema nne."

"Basi," akasema, akakunja kitambaa vizuri, akakiweka mfukoni.

Nilingoja anikaripie. Akafungua mlango, akaketi, akauliza hiyo gia ya Kaburu iko wapi. Nikamwonyesha. Aliusukuma mkono wa gia, ukaingia, akaurudisha, akausukuma tena. Mara sita, saba. Akasema siku ile ya kumpeleka Mama hospitali, matope ya Machi, walisukuma saa nzima. Kisha akatoka kwenda moja kwa moja kwa Mzee Shitanda, na kutoka huku nilisikia neno "nne" likirudiwa mpaka watu wa njiani wakasimama.

Aliporudi furaha ilikuwa imepungua. Akauliza kama Kalasinga atakuwa ameshatuma.

Nimepeleka telegramu ya pili saa tatu na nusu. Gia nne, si tatu, tafadhali sana. Karani wa posta alisema mashine haijui tafadhali. Nikamwambia aitume hivyo hivyo.

Jumatano, 22 Agosti

Jibu. "Giaboksi iko kwenye treni." Basi!

Ipi? Aliituma kabla ya telegramu yangu ya pili, au baada? Na ile nyingine imeshakwenda Kitale? Kipyego ameisoma mara tatu akifuata kwa kidole. Baba aliuliza kama Kiingereza kina namna ya kusema jambo lote hilo bila kusema ni ipi. Nikamwambia kinayo, ndiyo hii.

Alicheka. Siku tisa sijamsikia akicheka. Kisha akasema, "Mayi, kula," maana sahani yangu ilikuwa bado imejaa.

Alhamisi, 23 Agosti

Hakuna treni yetu. Kipyego ameishusha giaboksi iliyovunjika, ameosha kila nati kwa petroli, amezipanga kwenye gunia kama shanga. Aliniuliza shule yangu inafunguliwa lini. Nikamwambia Septemba, tarehe kumi. Akasema gari likipona atanipeleka, kwa ile gia mpya, polepole.

Nikasema polepole kiasi gani?

Akasema mizunguko kumi na nne na nusu.

Nimekuwa bure kabisa tangu hapo.

Jumamosi, 25 Agosti. Stesheni

Naandika hapa kwenye benchi, daftari magotini. Treni imeingia saa nne. Sanduku letu limeshushwa: mbao na magunia, jina la Baba kwa rangi nyeusi, hakuna neno jingine. Hakuna tatu, hakuna nne. Nimelizunguka mara mbili.

Kipyego anasema kwa nje hatutajua. Ni kulifungua, kutoa kifuniko na kuhesabu meno ndani. Kama ni yenyewe, ana leo na kesho, na Jumatatu gari linakaguliwa. Kama siyo yenyewe, hakuna treni ya kuileta nyingine kabla ya hapo, hata kama mtu wa Kitale hajaichukua.

Baba hataki kulibeba nyumbani bila kujua. Anasema ataijua habari yake hapa hapa, amesimama. Karani wa mizigo amekwenda kutafuta nyundo. Watu wameanza kusogea. Mzee Shitanda yuko, bila shaka, na aproni yake ya ngozi. Anauliza kama tunafungua maiti.

Nimemwambia Baba kwa sauti ya chini kwamba ikiwa ni tatu, niseme mimi, mbele ya wote. Anatazama sanduku.

Nyundo imekuja. Karani amemnyooshea Baba, na Baba hakuipokea, amenielekeza mimi kwa kidevu. Sasa anavua koti lake, lile la kanisani. Analitandika kwenye saruji yenye matope mbele ya sanduku, analinyoosha pembe zake moja moja ili nipige magoti hapo.