Kidole Gumba Changu Chini ya Maji

Rosettenville, Jumamosi, katikati ya Mei 2018

Baridi imeingia Joburg bila kubisha hodi. Asubuhi vioo vya gari vilikuwa vimeganda, mbwa wa jirani kajikunja kama chapati, na mimi, badala ya kwenda kufungua saluni kama mtu mwenye akili zake, nilikuwa chumbani napambana na suti nyeusi ya mpira inayobana mpaka mawazo.

Sasa ni jioni. Naandika nimejifunika blanketi mbili. Ningependa kusema ni baridi.

Kwa mgeni aliyeingia kwenye ukurasa huu leo: mimi ndiye Kapteni. Cheo hicho nilipewa na wateja wangu wa kunyoa, sikukiomba, ila sikukikataa pia. Ujana wangu niliula kwenye meli za mizigo. Pireo, Napoli, Marseille, Aleksandria, niulize bandari yoyote ya Mediterania nikwambie chai nzuri iko upande gani. Shule niliachia darasa la sita, jiografia nimeisoma kwa miguu. Kazi yangu melini ilikuwa kumenya viazi. Lakini kumenya viazi meli ikiwa imelala ubavu si kazi ya kila mwanaume.

Na katika bahari zote hizo sijawahi kuzamisha kichwa. Baharia mwenye akili anakaa juu ya maji. Aliye chini ni samaki au marehemu.

Leo nimekwenda chini.

Ni kwa sababu ya Neema, binti yangu, mtoto wangu wa pekee. Kazaliwa hapa hapa Joburg. Mimi namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza, akikasirika anahamia Kizulu ili nisijue nimetukanwa vipi. Tangu yuko sekondari alikuwa akitoka shule anakwenda kuosha suti za kuzamia kwa Mzee Rui, Mreno wa mtaani kwetu mwenye duka la vifaa hivyo na bwawa la kufundishia. Mzee Rui ni mteja wangu. Kiswahili chake chote amekiokota kwenye kiti changu, wembe ukiwa shingoni, ndiyo maana hakosei sana. Huko kwake Neema alianza na kuosha, akaingia kwenye maji, akasoma, akafaulu, na sasa ana vyeti vya kufundisha watu kuzamia. Mtoto wa mmenya viazi.

Kuna mama mmoja huko Malta ana boti. Kila majira ya joto inachukua wageni ambao hawajawahi kuzamia hata siku moja, inawapeleka pembeni ya miamba, wanashuka kidogo, wanaona samaki, wanapiga picha, wanarudi kula. Anatafuta mwalimu wa miezi sita, pengine zaidi. Anamwamini Mzee Rui, wamefanya kazi pamoja zamani. Alimwambia: vyeti kila mtu anavyo. Mtafute mtu asiyejua kitu, huyo binti amshushe, na akipanda umuulize swali moja tu, kama angependa kurudi chini. Wageni wangu wakiogopa mara moja hawaji tena, na mimi nafunga boti. Jibu unipe Jumamosi kwa simu.

Mtu asiyejua kitu nilikuwa mimi.

Nilijitolea mwenyewe, saluni imejaa. Nikasema Mediterania kwangu ni sebuleni, litanishinda shimo la maji la Joburg? Watu wakacheka, nikacheka. Usiku sikucheka.

Shimo lenyewe ni machimbo ya mawe ya zamani nje ya mji, yamejaa maji ya rangi ya chai ya rangi. Yamezungukwa na kuta za mwamba, na jua linachelewa kufika. Kuna boti ndogo ya mpira inayowapeleka watu mpaka kwenye boya la katikati, na chini ya boya, mita sita, kuna jukwaa la chuma la kujifunzia. Mama Neema alibaki ukingoni kajifunika blanketi. Yeye ni wa Bukavu, Kongo, hana muda wa kubembeleza mtu.

“Bon, Baba Neema,” akasema. “Ukifia mule ndani, miye siingie. Nitaita watu wa kanisa waimbe tu.”

“Waambie waimbe polepole, niweze kufuatisha.”

Hakucheka. Alikuwa amemshika Neema mkono na hamwachii.

Kwenye boti Neema alieleza ishara za mikono. Mimi nilikuwa nampa Mzee Rui habari za dhoruba moja karibu na Krete, na dhoruba hiyo kila nikiisimulia inaongezeka upepo. Neema akaninyamazisha kwa Kiingereza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia nyumbani.

“Baba, niangalie mimi. Kidole gumba juu siyo ‘sharp’, siyo ‘poa’ ya mtaani. Huku maana yake ni nipandishe. Ukikionyesha tu, sikuulizi kwa nini, sikubembelezi. Tunapanda. Umeelewa?”

“Nimeelewa, madam.”

“Onyesha.”

Nikaonyesha. Mzee Rui akacheka puani. “Kapteni leo kapata kapteni,” akasema.

Halafu tukaingia.

Sitadanganya, nilivyoingia nilimwita mama yangu, tena kwa jina lake la utoto. Maji yalipenya kwenye shingo ya suti kama mkono wa maiti. Kidude cha kupumulia kilikuwa mdomoni, na hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo hakuna aliyenionya: huwezi kusema. Mimi tangu nizaliwe kila hofu nimeitoa kwa mdomo. Nikiogopa natania, nikizidi kuogopa nasimulia. Sasa mdomo umezibwa kwa mpira, na hofu yote imebaki ndani haina mlango.

Neema alikuwa amenishika kamba ya kifuani. Tukashuka kidogo, masikio yakauma, akanionyesha nibane pua na kupuliza. Yakafunguka. Tukashuka tena. Mzee Rui alikuwa pembeni anatazama, mikono kaikunja kama mtu anayesubiri basi.

Tukafika kwenye jukwaa. Nikakanyaga chuma, nikadhani yamekwisha. Nikatabasamu ndani ya miwani, na uso ukijikunja, miwani inaachia. Maji yakaingia. Kwanza chini ya jicho, halafu puani.

Hapo niliona kifo.

Kila kitu mwilini kiliniambia ruka juu. Nilijua siruhusiwi kubana pumzi nikipanda, nilijua mapafu yanaweza kupasuka, Neema aliyasema hayo mara tatu. Miguu yangu haikuwa kwenye mkutano huo. Nilishaanza kusukuma jukwaa.

Hakunirukia, wala hakunivuta. Aliushika mkono wangu mmoja, akauweka juu ya kifua chake, akapumua. Nilihisi kifua kinapanda, kinashuka. Mapovu yake yanakwenda juu kwa utaratibu kama shanga. Akaendelea hivyo mpaka nami nikaanza kumfuata bila kujua. Kisha akagusa miwani yake juu, akainua uso, akapuliza kwa pua, akanionyesha tena. Nikafanya. Maji yakatoka. Yote. Nikaona.

Niliona vizuri kuliko asubuhi yote. Ukuta wa mwamba unashuka kijani mpaka kwenye giza. Samaki wadogo wamesimama katikati ya maji kama wamesahau walikokuwa wanakwenda. Na binti yangu mbele yangu, ametulia kwenye maji kama mtu aliyekaa kwenye kochi, macho yake yananiuliza: uko sawa?

Nilikuwa sawa.

Haya ninayoandika sasa sijamwambia mtu. Wakati ule hofu ilikuwa imekwisha. Nilimtazama Neema nikaona huyu ndiyo amekwenda. Mtu anayejua kazi hivi, nani atamzuia? Miezi sita. Mimi pia nyumbani niliaga miezi sita. Mama yangu alizikwa nikiwa bandarini namenya viazi, na habari nikaipata kaburi limeshaota majani. Hakuna anayenifundisha miezi sita ya kijana ni mingapi.

Nikawaza chumba chake kitupu. Nikamwaza mama yake mezani. Nikajiwaza mimi, na hadithi zangu zisizo na wa kuzikatisha.

Na mkono wangu ukainuka, kidole gumba juu.

Aliahidi hataniuliza na hakuniuliza. Hata uso haukubadilika, akaitikia kwa kidole chake, akanishika kamba, tukapanda polepole. Njiani alikuwa ananikumbusha kwa mkono: pumua, pumua. Nilimharibia kazi, na yeye ananikumbusha nipumue.

Juu, jua lilikuwa limefika majini. Mzee Rui akatoka nyuma yetu, akavua miwani, akashika ukingo wa boti. Mama Neema kule ukingoni alikuwa amesimama, blanketi limeanguka.

“Kapteni,” Mzee Rui akasema. “Nauliza mara moja. Unataka kurudi chini, hutaki?”

Neema akanigeukia. Midomo ilikuwa ya bluu. Akasema kwa Kiingereza, taratibu, “Baba, usinisaidie. Usiseme ndiyo kwa ajili yangu. Sema ukweli.”

Ona mtego huo. Mtoto anaogopa baba yake atadanganya ili aende. Hajui kwamba uongo niliokuwa nao mdomoni ni ule wa kumbakiza. Nikisema sitaki, nimeogopa, hakuna wa kunilaumu. Mtu mzima, maji baridi, miwani imejaa. Saluni watanicheka wiki moja, wananicheka kila siku. Mzee Rui atapiga simu Malta, atasema bado. Na binti yangu Jumatatu atakuwa dukani anaosha suti.

Nikashika ukingo wa boti kwa mikono miwili. Maji yanagonga boti, po, po. Neema haniangalii tena, anaangalia mapezi ya mpira miguuni mwake.

“Nirudishe,” nikasema.

“Sema ukweli, Baba.”

“Ndiyo huo. Kule chini kuzuri. Nirudishe.”

Mzee Rui akavaa miwani yake. “Haya,” akasema. “Twende.”

“Sasa hivi?”

“Umesema unataka.”

Eish. Nilidhani ni swali la mdomo. Mimi maisha yangu yote ni ya mdomo.

Mara ya pili ndiyo ilikuwa mbaya. Ya kwanza nilikuwa sijui ninachokiendea. Sasa nilijua baridi, nilijua masikio, nilijua ladha ya yale maji puani, na mikono ilikuwa haisikii. Tulivyopita mita tatu moyo ulianza tena kugonga mbavu. Nikaupeleka mkono mgongoni, nikaushikilia pale kwa mkono wa pili, nisije nikautumia. Neema akaniona nimefunga mikono nyuma kama mfungwa, akatikisa kichwa kuuliza ni ishara gani hiyo. Haiko kwenye mafunzo yake.

Tukafika jukwaani. Maji kidogo yakaingia tena, nikayapuliza mwenyewe. Akanizungusha jukwaa lote, taratibu, halafu tukatoka kwenye jukwaa tukapita kando ya ukuta wa mwamba. Chini yangu hapakuwa na kitu. Nilitazama pale nikapumua, nikatazama tena. Wakati fulani niliangalia kifuani, mkono wake haupo kwenye kamba. Alikuwa mbele yangu kidogo, anarudi nyumanyuma, ananiangalia, ameniachia muda mrefu sijui.

Hakuna aliyeonyesha kidole gumba mpaka Mzee Rui alipokionyesha yeye, mwisho.

Simu alipiga pale pale ukingoni, maji yanamtiririka masikioni. Alisema maneno machache tu. Mtu wake kaogopa, kapanda, kashuka tena. Akasikiliza. Akamwambia Neema afungashe nguo nyepesi, huko kuna jua. Mama Neema akamkumbatia na suti yake ya maji, akawa anasema asante Yesu na huku analia, mimi nikawa naangalia pembeni kama mtu anayetafuta soksi zake.

Kurudi, Neema ndiye aliyeendesha. Tuko kwenye robot, taa za barabarani, tunasubiri kijani, mama yake kasinzia nyuma, akaniwekea mkono begani. Akasema, “Uliogopa kabisa, Baba, nilikuona. Na ukarudi. Nitawasimulia wageni wangu wote habari yako.”

Nilitakiwa kuongeza utani hapo. Nikasema robot imebadilika, twende.

Sasa hivi namsikia chumbani kwake anaongea na rafiki zake kwa simu, ananisifu kwa Kiingereza na Kizulu. Baba yangu shujaa. Aliogopa maji, akarudi. Nyumba nzima inasikia. Mama yake anakaanga vitunguu kwa hasira ya furaha. Jumatatu saluni nitapigiwa makofi, na nikijijua mimi, nitainama kuyapokea.

Sikuogopa maji. Mara ile ya kwanza, nilipoinua mkono, sikuogopa maji.

Sijui baba anasamehewa vipi kwa jambo ambalo mtoto hakuliona. Labda angecheka. Labda angehamia Kizulu. Pengine angeketi kitandani aseme basi haendi, na hilo ndilo linalonifunga ulimi, maana kuna sehemu ndani yangu, leo hii, baada ya yote, ingelifurahia.

Lakini kesho ni Jumapili. Mama yake akienda kanisani nitamwita Neema jikoni, nitafunga mlango, nitamwambia kwa nini nilikiinua kile kidole, kwa Kiingereza changu kibovu, bila mzaha hata mmoja. Kama atataka kubaki, nitampeleka uwanja wa ndege kwa kumbeba. Sitaki apande ndege akiwa na baba wa kutunga.